Kasi, mwendo na kina: kuchagua mpangilio wa kerezo kwa hesabu ya vigezo vingi

Shafti ya mashine ya kusaga nafaka imeletwa karakanani, imelika pale beringi inapokaa. Inatakiwa nyingine mpya. Fundi wa kwanza ataweka mizunguko 1,400 kwa dakika amalize kabla chai haijapoa. Wa pili ataweka 710, maana ncha za kukatia za kabaidi anazinunua kwa fedha yake mwenyewe. Wa tatu atachagua mwendo mdogo kabisa ulioko kwenye gia ili uso utoke laini, hata kama mteja atasubiri mpaka jioni. Ukiwasikiliza mmoja mmoja, wote wana haki. Kila mmoja anatetea kigezo chake.

Mwongozo huu ni wa kuwapatanisha hao watatu kwa majaribio tisa, kalamu na jedwali la Excel. Mbinu yenyewe inaitwa TOPSIS, nayo ilitolewa na Hwang na Yoon mwaka 1981. Iko kwenye kundi la mbinu za uamuzi wa vigezo vingi, na ni rahisi kuliko sifa zake. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayejua kipeuo cha pili ataimudu. Ugumu uko pengine kabisa: kwenye kupima vizuri, na kwenye kusema ukweli kuhusu unachokitaka. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Maneno kwanza, tusije tukapishana. Kerezo ni mashine ile ambayo mafundi wengi huiita leithi. Kasi ya kukata ni mwendo wa uso wa chuma ukipita kwenye ncha, kwa mita kwa dakika. Mwendo wa kisu, ambao wengine huuita fidi, ni milimita ambazo kisu kinasogea kwa kila mzunguko mmoja. Mche ni kile kipande cha chuma cha mviringo kinachokatwa, na kina ni unene unaokatwa upande wake mmoja. Mparuzo ni ukwaruzo wa uso unaopimwa kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), alama yake Ra.

Hatua ya 1: Andika vigezo, kisha futa vilivyozidi

Watu wakianza hupenda kuorodhesha kila kitu: mparuzo, uchakavu wa ncha, nguvu ya mota, umeme, muda, ujazo wa chuma unaoondolewa, joto, mtetemo. Usifanye hivyo. Kigezo kinachorudia kingine kwa jina jipya kinapigiwa kura mara mbili.

Chukua ujazo wa chuma kwa dakika:

Ujazo (cm³/dak) = kasi (m/dak) × mwendo (mm) × kina (mm)

Sasa tazama nguvu ya kukata:

Nguvu (kW) = kasi × mwendo × kina × kc ÷ 60,000

Hapo kc ni ukinzani wa chuma, kwa newtoni kwa milimita ya mraba. Hesabu ni ileile, imezidishwa tu kwa namba isiyobadilika. Ukiingiza nguvu iliyokokotolewa kwa fomula hii kama kigezo cha "kidogo ni bora", na ujazo kama kigezo cha "kikubwa ni bora", umewafunga ng'ombe wawili kila mmoja avute upande wake. Nguvu iweke kama mpaka: je, mota itahimili? Kwa chuma cha kaboni ya kati kama C45, ukichukua kc ya 2,200, jaribio zito kuliko yote hapa chini (55 cm³ kwa dakika) linahitaji kama kilowati 2 kwenye ncha, yaani kama 2.5 kutoka kwenye mota ukihesabu hasara za mikanda na gia. Mota ya kilowati 4 inatosha. Maliza hapo, usiendelee nayo.

Kwa shafti yetu vinabaki vitatu: mparuzo (kidogo ni bora), uchakavu wa ncha (kidogo ni bora) na ujazo kwa dakika (kikubwa ni bora).

Kuna mtego mmoja kwenye uchakavu. Unaweza kuupima baada ya muda sawa wa kukata, au baada ya idadi sawa ya vipande. Ukiupima kwa vipande, mpangilio wa haraka unapata nafuu kwa sababu ncha yake imekaa kwenye chuma muda mfupi zaidi. Maana yake kasi ya kazi imeshaingia ndani ya uchakavu, na ukiuweka tena ujazo pembeni unaihesabu mara ya pili. Mimi hupima kwa muda sawa, ujazo nauacha ujisemee wenyewe.

Hatua ya 2: Chagua viwango ambavyo mashine yako inavyo kweli

Maandishi mengi ya kitaalamu huanza na kasi safi kama 120, 160 na 200. Hizo ni za mashine ya kompyuta. Kerezo la gia lina ngazi zake, nawe unachagua kati ya hizo. Kwenye mfano wetu mche una kipenyo cha mm 50 na kerezo lina mizunguko 710, 1,000 na 1,400. Kasi inapatikana hivi:

Kasi = 3.1416 × kipenyo (mm) × mizunguko ÷ 1,000

Tunapata 112, 157 na 220 m/dak. Mwendo wa kisu: 0.10, 0.16 na 0.25 mm. Kina: 0.5, 1.0 na 1.5 mm. Ncha ni CNMG 120408 ya kabaidi yenye utando. Tarakimu mbili za mwisho za jina hilo, 08, zinasema mviringo wa pembe yake una nusukipenyo cha mm 0.8. Ikumbuke namba hiyo, tutaihitaji.

Kwa nini usiweke viwango vilivyo mbalimbali zaidi? Kwa sababu ya mhandisi Mmarekani Frederick Taylor. Mwaka 1906 alitangaza matokeo ya miaka 26 ya majaribio ya kukata chuma, ambayo yalikuwa yamegeuza zaidi ya tani 360 za chuma kuwa maranda. Humo ndimo ilimotoka kanuni kwamba kasi, ikizidishwa kwa muda wa uhai wa ncha uliopandishwa kwa kipeo n, haibadiliki. Kwa kabaidi, n huwa karibu na 0.25. Ukitoka mizunguko 1,000 kwenda 1,400 umeongeza kasi mara 1.4, na 1.4 ikizidishwa yenyewe mara nne ni 3.84. Ngazi moja tu ya gia, na uhai wa ncha umebaki kama robo. Ngazi nyingine juu ya hapo ungekuwa unapima jinsi ncha inavyokufa, si jinsi inavyokata.

Hatua ya 3: Majaribio tisa badala ya 27

Vitu vitatu vyenye viwango vitatu kila kimoja vinatoa michanganyiko 27. Jedwali la L9, ambalo mhandisi Mjapani Genichi Taguchi alilieneza viwandani, linachagua tisa kwa namna ambayo kila kiwango kinakutana na kila kiwango cha kitu kingine mara moja. Hapa chini liko tayari. Safu ya ujazo nimeikokotoa kwa fomula. Mparuzo na uchakavu ni namba za mfano nilizoziweka ili tufuatane kwenye hesabu; za kwako zitatoka kwenye mashine yako.

| Jaribio | Mizunguko | Mwendo (mm) | Kina (mm) | Mparuzo Ra (mikroni) | Uchakavu (mm) | Ujazo (cm³/dak) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 710 | 0.10 | 0.5 | 1.1 | 0.06 | 5.6 |
| 2 | 710 | 0.16 | 1.0 | 1.7 | 0.07 | 17.9 |
| 3 | 710 | 0.25 | 1.5 | 3.2 | 0.10 | 42.0 |
| 4 | 1,000 | 0.10 | 1.0 | 0.9 | 0.09 | 15.7 |
| 5 | 1,000 | 0.16 | 1.5 | 1.5 | 0.11 | 37.7 |
| 6 | 1,000 | 0.25 | 0.5 | 2.7 | 0.11 | 19.6 |
| 7 | 1,400 | 0.10 | 1.5 | 0.8 | 0.17 | 33.0 |
| 8 | 1,400 | 0.16 | 0.5 | 1.2 | 0.16 | 17.6 |
| 9 | 1,400 | 0.25 | 1.0 | 2.6 | 0.20 | 55.0 |

Andaa chuma cha kutosha. Kila jaribio likikata kwa dakika sita, jumla ya majaribio tisa ni kama cm³ 1,465, yaani kilo 11 na nusu za maranda. Si tani 360 za Taylor, lakini chuma kinanunuliwa, kwa hiyo piga hesabu kabla hujawasha mashine.

Hatua ya 4: Kata na upime

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, mimi nikiwa wa kwanza. Mara ya kwanza nilifanya majaribio kwa mpangilio wa namba, kutoka 1 hadi 9, kwa pembe ileile ya ncha. Jedwali likaniambia kwamba kasi kubwa inaharibu kila kitu. Kumbe majaribio ya kasi kubwa yalikuwa ya mwisho, na pembe ilikuwa imeshachoka. Nilipima uchovu nikauita kasi. Siku nzima na mche mzima wa chuma vilipotea.

Kwa hiyo kila jaribio lipate pembe mpya. CNMG ina pembe nne za kukatia, mbili kila upande, hivyo ncha tatu zinakupa pembe 12: tisa za majaribio na tatu za uthibitisho. Ziwe za kifurushi kimoja. Namba za majaribio ziandike kwenye vikaratasi, vikunje, uchanganye kwenye kofia na uchomoe kimoja kimoja. Ni kama mchezo wa watoto, ila ndiyo kinga yako dhidi ya mashine inayopata joto kadiri siku inavyokwenda na umeme unaoshuka mchana.

Mche ukipungua, kasi inashuka hata kama mizunguko haijaguswa. Mche wa mm 50 ukikatwa kina cha 1.5 unabaki mm 47, na kwa mizunguko 1,000 kasi inaanguka kutoka 157 hadi 148. Usikate zaidi ya mara mbili kwenye mche mmoja kisha ukaendelea kudai ni kasi ileile. Badilisha mche. Vilivyobaki havitupwi, vitafaa kwa pini na bushi.

Na angalia gurudumu la kusogezea kisu. Kwenye makerezo mengine alama zake zinasoma kina, kwenye mengine zinasoma kipenyo. Usipojua lako ni lipi, kina chako cha 1.5 kinaweza kuwa 0.75 au 3.0. Kata kidogo, pima kwa maikromita kabla na baada, ndipo uamini.

Mche unaotokeza sana mbele ya taya ushikizwe kwa senta ya nyuma, na ufanye hivyo kwenye majaribio yote, si baadhi. Maji ya kupozea nayo ni hivyohivyo: yawepo yote tisa au yasiwepo kabisa.

Mparuzo upime baada ya mkato wa kwanza, kwenye sehemu tatu kuzunguka mche, kifaa kikiwa kwenye mpangilio uleule, kisha chukua wastani. Je, namba unazopata zinaaminika? Ipo njia ya kuzikagua. Hesabu ya kijiometri inasema mparuzo hauwezi kuwa chini ya:

Ra (mikroni) = mwendo² ÷ (32 × nusukipenyo cha ncha) × 1,000

Kwa ncha yetu ya 0.8, mwendo wa 0.10 unatoa 0.39, wa 0.16 unatoa 1.0, na wa 0.25 unatoa 2.44. Kipimo halisi kitakuwa juu ya hapo, kwa sababu ya mtetemo na chuma kinachoganda kwenye ncha, hasa kasi ikiwa ndogo. Ndiyo maana kwenye jedwali mwendo wa 0.10 umetoa 1.1 kwa mizunguko 710 na 0.8 kwa mizunguko 1,400. Ukiona kipimo kiko chini ya kile cha kijiometri, na ncha yako si ya aina ya kulainisha, shuku kifaa kwanza.

Kama kifaa hakipo, vibao vya kulinganishia uso kwa ukucha na jicho vinasaidia: N6 ni Ra 0.8, N7 ni 1.6, N8 ni 3.2. Ni kipimo cha mkono, hakitakutofautishia 1.1 na 1.2. Lakini kitakutofautishia fundi wa tatu na wa kwanza.

Uchakavu unapimwa ubavuni mwa ncha, ule mstari mweupe unaong'aa chini ya makali. Hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta inatosha, ilimradi umeweka kando rula yenye nusu milimita ili ulinganishe. Kiwango cha ISO 3685 kinaichukulia ncha ya kabaidi kuwa imekwisha pale wastani wa uchakavu wa ubavu unapofika mm 0.3.

Jambo la mwisho kabla ya hesabu: tazama maranda. Yakitoka marefu kama utepe yakazunguka shafti, jaribio hilo litupe hata kama namba zake ni nzuri. Na kina cha 0.5 ni kidogo kuliko mviringo wa ncha wa 0.8, kwa hiyo ncha inasukuma mche pembeni zaidi ya inavyokata. Mche mwembamba utatetemeka hapo.

Hatua ya 5: Uzito wa vigezo

Hesabu nzima inasubiri jibu la swali moja: mparuzo una thamani gani ukilinganisha na uchakavu, na ukilinganisha na ujazo? Kompyuta haijui. Anayejua ni mwenye kazi.

Njia ninayoipendelea ni ya Thomas Saaty, ya kulinganisha viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9. Moja maana yake vinalingana, tisa maana yake kimoja kinakipita kingine kwa mbali mno. Kwa makalio ya beringi, yaani pale kwenye shafti inapokaa, tuseme mwenye kazi anajibu: mparuzo ni muhimu kuliko uchakavu kwa 2, mparuzo kuliko ujazo kwa 3, uchakavu kuliko ujazo kwa 2. Zidisha kila safu mlalo, toa kipeuo cha tatu:

Mparuzo: 1 × 2 × 3 = 6, kipeuo cha tatu 1.817
Uchakavu: ½ × 1 × 2 = 1, kipeuo cha tatu 1.000
Ujazo: ⅓ × ½ × 1 = 0.167, kipeuo cha tatu 0.550

Jumla ni 3.367. Gawanya kila kimoja kwa jumla hiyo, unapata uzito wa 0.54, 0.30 na 0.16. Saaty aliweka pia kipimo cha kuangalia kama majibu yanapingana. Yanakubalika kikiwa chini ya 0.10, na haya yetu yanatoa kama 0.01. Mtu akikuambia A ni zaidi ya B, B ni zaidi ya C, halafu C ni zaidi ya A, kipimo hicho kitapiga kelele. Mrudie, muulize upya.

Utakutana na njia nyingine, ya entropia, iliyoazimwa kwenye nadharia ya habari ya Claude Shannon ya mwaka 1948. Inasifiwa kwamba haina upendeleo, kwa kuwa inatoa uzito kutoka kwenye jedwali lenyewe bila kumuuliza mtu. Nimeipitisha kwenye jedwali letu: ujazo umepata 0.46, mparuzo 0.33, uchakavu 0.21. Yaani fundi anayetengeneza makalio ya beringi anaambiwa kikubwa ni haraka! Sababu ni kwamba entropia inakipa uzito kigezo kinachotawanyika zaidi, na ujazo unatoka 5.6 hadi 55 kwa kuwa mimi ndiye niliyechagua viwango vipana vya kina na mwendo. Upendeleo haujaondoka. Umehamia kwenye gia nilizozichagua. Kwa tasnifu ya chuo sina ugomvi nayo. Kwa shafti ya mteja siitumii peke yake.

Hatua ya 6: TOPSIS yenyewe

Wazo lake ni hili. Fikiria mpangilio wa ndoto wenye mparuzo bora, uchakavu bora na ujazo bora kuliko yote jedwalini, vyote kwa pamoja. Fikiria na mpangilio wa jinamizi, wenye vibaya vyote. Jaribio zuri ni lile lililo karibu na ndoto na mbali na jinamizi.

Kwanza ondoa vipimo, maana mikroni hazijumlishwi na milimita. Kila namba igawanye kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya safu wima yake. Kwenye Excel, kama mparuzo uko seli E2 hadi E10:

=E2/SQRT(SUMSQ(E$2:E$10))

Vigawanyo vyetu ni 5.791 kwa mparuzo, 0.3812 kwa uchakavu na 92.69 kwa ujazo. Kisha zidisha kwa uzito. Jaribio la 4 linakuwa:

Mparuzo: 0.9 ÷ 5.791 × 0.54 = 0.0839
Uchakavu: 0.09 ÷ 0.3812 × 0.30 = 0.0708
Ujazo: 15.7 ÷ 92.69 × 0.16 = 0.0271

Ukifanya hivyo kwa yote tisa, ndoto ni (0.0746, 0.0472, 0.0949) na jinamizi ni (0.2984, 0.1574, 0.0097). Angalia: kwa mparuzo na uchakavu, ndoto ni namba ndogo, kwa ujazo ni kubwa. Kosa la kugeuza hapa ndilo la kawaida kuliko yote, na halionekani, kwa sababu jibu litatoka tu.

Umbali unapimwa kama wa ramani: toa, fanya mraba, jumlisha, kipeuo cha pili. Jaribio la 4 liko 0.0724 kutoka ndoto na 0.2320 kutoka jinamizi. Alama yake:

0.2320 ÷ (0.0724 + 0.2320) = 0.762

Alama zote, kutoka juu: jaribio la 4 (0.762), la 1 (0.715), la 7 (0.709), la 5 (0.690), la 8 (0.637), la 2 (0.623), la 9 (0.337), la 6 (0.315), la 3 (0.307).

Mshindi ni mizunguko 1,000, mwendo 0.10, kina 1.0. Usikimbilie mashine bado.

Hatua ya 7: Tikisa jibu

Badilisha uzito uone mshindi anavyoyumba. Nilipovipa vigezo vyote uzito sawa, jaribio la 5 liliongoza kwa 0.66. Nilipogeuza, ujazo 0.54, uchakavu 0.30, mparuzo 0.16, kama ungefanya kwenye mkato wa awali wa kupunguza unene, jaribio la 9 liliongoza kwa 0.70, la 3 likifuata kwa 0.68. Jedwali moja, washindi watatu. Wale mafundi wetu hawakuwa wakibishana kuhusu chuma. Walikuwa wakibishana kuhusu uzito bila kuutaja.

Kuna swali jingine ambalo TOPSIS haikuulizi. Mchoro unasema nini? Tuseme unataka Ra isiyozidi 1.6. Basi uso wa 0.9 na uso wa 1.5 vyote vimefaulu, na mteja hakulipi zaidi kwa huo wa 0.9. Hapo mparuzo si kigezo tena, ni mlango: unapita au hupiti. Majaribio ya 2, 3, 6 na 9 yanabaki nje. Ndani yamo 1, 4, 5, 7 na 8, na tazama kinachotokea: jaribio la 5 lina uchakavu mdogo kuliko la 7 na la 8, na ujazo mkubwa kuliko yote mawili. Hakuna haja ya hesabu kuyaondoa. Ukirudia TOPSIS kwa vigezo viwili vilivyobaki, uzito sawa, la 5 linapata 0.77 na la 4 linapata 0.45. Tena la 5 linaondoa chuma kwa kasi zaidi ya mara mbili ya lile la 4 lililotangazwa mshindi.

Ila 1.5 iko pua kwa pua na 1.6. Ncha ikianza kuchoka, uso utavuka mpaka. Mimi ningelitumia jaribio la 5 kwa mkato wa kabla ya mwisho, kisha mkato wa mwisho niufanye kwa mpangilio wa 4. Kwa shafti moja ya mteja mmoja tofauti ni dakika chache. Kwa shafti 200 ni suala jingine, na hapo ningejaribu 1,000 kwa mwendo ulio kati ya 0.10 na 0.16 kama gia inao.

Ukichuja majaribio, kokotoa vigawanyo upya tangu mwanzo. Usitumie vile vya zamani. Kuondoa au kuongeza jaribio kunaweza hata kubadilisha nafasi za yale yaliyobaki. Huo ni udhaifu unaojulikana wa mbinu hii.

Hatua ya 8: Tafuta mshindi ambaye hukumjaribu

Majaribio ni tisa kati ya 27, kwa hiyo huenda bora zaidi limo kwenye yale 18. Rudi kwenye alama za uzito wa kwanza, chukua wastani kwa kila kiwango. Mizunguko 710 ni wastani wa majaribio ya 1, 2 na 3, na kadhalika:

Mizunguko: 710 = 0.548; 1,000 = 0.589; 1,400 = 0.561
Mwendo: 0.10 = 0.729, 0.16 = 0.650, 0.25 = 0.320
Kina: 0.5 = 0.556, 1.0 = 0.574, 1.5 = 0.569

Pengo kati ya juu na chini ni 0.41 kwa mwendo, 0.04 kwa mizunguko na 0.02 kwa kina. Kwa lengo hili, mwendo wa kisu ndio unaoamua karibu kila kitu. Kina hakina uzito wowote wa maana, na hiyo ni habari njema: ukitoka 1.0 kwenda 1.5 hupotezi karibu chochote, lakini ujazo unapanda kutoka 15.7 hadi 23.6. Mizunguko 1,000, mwendo 0.10, kina 1.5 haimo jedwalini. Ndiyo ya kujaribu.

Hatua ya 9: Thibitisha

Ulibakiza pembe tatu. Zote zitumie kwa mpangilio huo mpya, kila moja kwenye mche mpya, dakika sita zilezile. Kama mparuzo unacheza kati ya 0.9 na 1.0 mara zote tatu na uchakavu uko karibu na 0.09 au 0.10, umepata. Kama moja inatoa 0.9 na nyingine 1.5, usirudi kwenye Excel. Kaza senta ya nyuma, kagua kishikio cha kisu kama hakijalegea, angalia kimo cha ncha dhidi ya kitovu cha mche, kisha rudia.

Ukimaliza, andika kwenye kadi ya kubandika mashineni: aina ya chuma, jina kamili la ncha na la mtengenezaji, mizunguko, mwendo, kina, kipenyo ulichoanzia, uzito uliotumia na tarehe. Uzito usiuache, maana ndio atakaouulizia fundi wa zamu ya usiku akitaka kuongeza kasi. Na duka likikuletea CNMG 120408 ya mtengenezaji mwingine, jina likiwa lilelile, utando na kabaidi ya ndani vinaweza kuwa tofauti kabisa: rudia angalau jaribio la 4 na la 5 kabla ya kuiamini kadi.